Kupunguza uzito wa nyaraka za chama bila kupoteza ushahidi wake

Chama cha akiba na mikopo ninachokitunzia kumbukumbu, mkoani Iringa, kina wanachama ambao wengi wao ni walimu wa shule za msingi, wakiwemo wastaafu, na kila mkopo unaotolewa huacha bahasha nzima ya karatasi: fomu ya maombi, nakala ya kitambulisho, hati ya mshahara, sahihi za wadhamini, barua ya mwajiri na muhtasari wa kikao cha kamati ya mikopo. Karatasi hizo tumekuwa tukiziskani na kuzipandisha kwenye akaunti ya Google ya ofisi, ambayo hatuilipii, kwa sababu kabati lilikwisha kujaa na kwa sababu mkaguzi anapoulizia fomu ya mwaka wa nyuma, kuitafuta kwa jina kwenye kompyuta ni kazi ya muda mfupi sana ukilinganisha na kupekua mafaili ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba.

Akaunti ya namna hiyo hupewa gigabaiti 15 bure, na nafasi hiyo hugawanywa baina ya mafaili ya Hifadhi ya Google (Google Drive), baruapepe pamoja na viambatisho vyake, na picha. Hadi katikati ya mwaka 2021 nyaraka zilizoandikwa ndani ya programu za Google zenyewe hazikuhesabiwa, lakini zile zilizoundwa au kuhaririwa kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo huhesabiwa kama mafaili mengine. Nafasi ikijaa, madhara yake hayaishii kwenye kushindwa kupandisha faili jipya, kwani baruapepe nazo huacha kutoka na kuingia, na akaunti ikikaa juu ya kiwango kwa miaka miwili, vilivyomo vinaweza kufutwa. Kwa ofisi ambayo taarifa za makato ya mishahara huzipokea kwa baruapepe, kufungika kwa kisanduku cha barua ni kusimama kwa kazi, na ndiyo maana onyo la kwanza la kukaribia kujaa lilipotokea tulilipeleka kwenye kikao cha bodi siku zilezile.

Kikaoni lilipendekezwa kwamba tulipie nafasi zaidi. Hilo ni jibu halali, wala simshangai anayelichagua. Hata hivyo malipo ya kila mwezi hutaka kadi ya benki, kadi iwe ya mtu fulani, na mtu huyo akiondoka au akisahau, kumbukumbu za wanachama wote zinabaki zikining'inia juu ya kadi yake. Isitoshe, uzito wa faili haumalizwi na nafasi ya kulihifadhi. Mwanachama aliyeko tarafani hupakua fomu yake kwa bando alilonunua kwa fedha yake, na Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi megabaiti 25 kwa baruapepe moja, kwa hiyo jalada zito la mkopo mmoja hulazimika kukatwa vipande kabla ya kumfikia mkaguzi. Niliomba nipewe nafasi ya kupunguza kwanza, kisha bodi iamue juu ya malipo ikiwa inajua mahitaji yetu halisi.

Kabla sijagusa faili hata moja nilifungua ukurasa wa nafasi katika Hifadhi, ambao huyapanga mafaili kuanzia lile zito kuliko yote, na ninamshauri kila anayeanza kazi hii aanzie hapo. Fomu za mikopo, ambazo ndizo zilizokuwa zikilaumiwa na kila mtu, zilikuwa nyingi kwa idadi lakini hazikuwa kichwa cha orodha. Juu kabisa zilikaa video za semina ya wanachama, ripoti ileile ya mwaka iliyohifadhiwa katika folda tatu tofauti kwa majina matatu tofauti, na leja za zamani ambazo mtu alizipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Sehemu kubwa ya nafasi tuliyoirudisha mwanzoni ilitokana na kufuta nakala za ziada, na kubana hakukuhusika kabisa. Nilijifunza pia mambo mawili ambayo yangeweza kunipotezea muda: faili lililofutwa huendelea kuhesabiwa likiwa ndani ya Tupio hadi Tupio limwagwe au siku 30 zipite, na faili ulilogawiwa na mtu mwingine huhesabiwa kwa mwenye nalo, hivyo kuliondoa kwako hakukupunguzii kitu. Kwa ofisi zinazotumia simu ya Android iliyounganishwa na akaunti hiyohiyo, nakala rudufu ya WhatsApp nayo inafaa kuangaliwa, kwani kuanzia mwaka 2024 imeanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti hizo 15.

Baada ya hapo ndipo nilipokutana na zile nyaraka zenyewe, na ilinilazimu nielewe kwanza ni kitu gani hasa kinachoufanya ukurasa mmoja wa karatasi uwe mzito.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Skana ikiwekwa kwenye nukta 300 kwa inchi, ukurasa huo hugeuka kuwa picha ya pikseli (vile vidoa vidogo vinavyounda picha) 2,480 kwa 3,508, yaani karibu pikseli milioni 8.7. Katika picha ya rangi kila pikseli huhitaji baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja huanza na megabaiti 26 hivi kabla haujabanwa. Ukiskaniwa kwa kijivu, kila pikseli huhitaji baiti moja, na ukurasa huwa megabaiti 8.7. Ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, ambapo pikseli ni ama wino ama karatasi bila kitu cha kati, ukurasa wote huanza na megabaiti moja na kidogo. Skana yetu ilikuwa imewekwa kwenye rangi na nukta 600, kiwango kinachozidisha pikseli mara nne, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, kwa sababu ndivyo ilivyotoka dukani. Kushusha nukta kutoka 600 hadi 300 hupunguza data hiyo ghafi hadi robo yake, na kushuka tena hadi 150 huifanya iwe robo ya robo. Ni kweli kwamba faili la PDF huibana picha hiyo kabla ya kuihifadhi, na kwa hiyo uzito unaouona kwenye kompyuta ni mdogo kuliko hesabu hii, lakini uwiano wa jumla unabaki kuelekea kulekule: anayepandisha nukta bila sababu hulipia kila ukurasa.

Hapo ningeweza kuamuru kila kitu kiskaniwe kwa nyeusi na nyeupe na kazi ingeisha mapema. Kilichonizuia ni alama za vidole. Baadhi ya wadhamini, hasa wazazi wa wanachama waliodhamini kwa shamba au nyumba, huweka dole gumba badala ya sahihi, na wino wa pedi si wa kiwango kimoja: pembeni ni hafifu, katikati umetota, na ile mistari myembamba inayomtofautisha mtu na mtu ipo katika tofauti ndogo za giza la wino. Skana ikilazimishwa kuchagua kati ya nyeusi na nyeupe, dole hugeuka kuwa doa jeusi au hupotea nusu yake. Muhuri wa rangi ya zambarau uliopigwa juu ya maandishi nao huungana nayo, na maelezo ya penseli ambayo afisa mikopo huyaandika pembeni hufutika kabisa. Nilizichapa fomu chache zilizoskaniwa kwa namna hiyo nikaziweka mezani kando ya karatasi zake halisi, na mhazini wetu, ambaye amekaa katika kamati nyingi za usuluhishi, alisema, "Mwalimu, hii ukiipeleka kwenye shauri watakuuliza dole liko wapi." Kwa hiyo tukaamua kwamba kila ukurasa wenye sahihi, dole au muhuri utaskaniwa kwa rangi na nukta 300, na kurasa zilizobaki, kama nakala za waraka wa maelekezo au jedwali la marejesho lililochapwa kwa mashine, zitaskaniwa kwa kijivu na nukta 200, au kwa nyeusi na nyeupe pale ambapo maandishi ni meusi na safi. Skana yetu huruhusu kubadilisha mpangilio katikati ya kazi na kuziunganisha kurasa zote katika faili moja, ingawa huchukua subira.

Uamuzi huo ulinionyesha kwamba kazi kubwa ya kupunguza uzito hufanyika mbele ya skana, karatasi ikiwa bado mkononi, kwa sababu ni hapo tu ambapo mtu anaweza kuutazama ukurasa na kusema ni kipi ndani yake kitakachohitajika baadaye. Programu inayobana faili lililokwisha kuskaniwa haijui tofauti ya dole gumba na kivuli cha mkunjo wa karatasi, na huvipunguza vyote kwa kipimo kimoja. Hata usafi wa kioo cha skana una mchango, kwani vumbi na karatasi yenye doadoa huongeza mambo madogomadogo ambayo picha hulazimika kuyahifadhi.

Kundi jingine lilikuwa la nyaraka ambazo hazikupaswa kuskaniwa hata kidogo. Masharti ya chama, sera ya mikopo na taarifa za mwezi viliandikwa kwa kompyuta, vikachapwa, kisha vikaskaniwa na kupandishwa. Waraka uliogeuzwa kuwa PDF moja kwa moja kutoka kwenye Word huhifadhi herufi kama herufi, pamoja na umbo la fonti iliyotumika, na kurasa nyingi za maandishi matupu huweza kutoshea katika kilobaiti mia chache, huku ukiendelea kuweza kutafuta neno ndani yake. Waraka huohuo ukichapwa na kuskaniwa hugeuka kuwa mfululizo wa picha. Tuliacha nakala zilizoskaniwa za masharti yenye muhuri wa mrajisi na mihtasari iliyosainiwa, kwa sababu hizo ndizo ushahidi, na zilizobaki tukazitoa upya kutoka kwenye Word.

Word nayo ina uzito wake uliojificha. Faili la docx, ambalo limetumika tangu Office ya mwaka 2007, kwa kweli ni kifurushi cha ZIP: ukilinakili, ukabadilisha kiambishi cha jina lake kuwa zip na kulifungua, utakuta ndani yake folda iitwayo media ambamo picha zote zimehifadhiwa, kila moja na ukubwa wake. Nilipofanya hivyo kwa taarifa yetu ya mwaka nilikuta nembo ya chama, ambayo kwenye ukurasa haizidi upana wa vidole viwili, ikiwa imehifadhiwa kama picha kubwa ya kutosha kuchapwa bango. Picha za mkutano mkuu zilikuwa zimekatwa pembeni, lakini sehemu zilizokatwa bado zilikuwa zimo, kwa kuwa Word huzificha tu hadi iagizwe kuziondoa. Amri ya kubana picha iliyo katika menyu ya picha hutoa nafasi ya kufuta sehemu hizo na kuchagua msongamano wa pikseli 220 kwa inchi kwa ajili ya kuchapa, 150 kwa kusoma kwenye skrini, au 96 kwa kutuma kwa baruapepe. Kwa taarifa ya mwaka tulichagua 150, na wanachama waliisoma kwenye simu bila shida yoyote.

Kwa mafaili ya PDF ya zamani, ambayo karatasi zake zilikwisha kupelekwa stoo au kurudishwa kwa wenyewe, ilibidi kutumia programu, na kuna jambo moja ambalo linapaswa kujulikana na kila anayetunza nyaraka zenye tarakimu. Mwaka 2013, nchini Ujerumani, mtaalamu wa kompyuta aitwaye David Kriesel aligundua kwamba mashine za kunakili za Xerox zilikuwa zikibadilisha namba katika nyaraka zilizoskaniwa. Katika ramani ya jengo aliyoichunguza, vyumba vitatu vilivyoandikwa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikisomeka 14.13. Chanzo chake kilikuwa njia ya kubana iitwayo JBIG2, ambayo hutafuta maumbo yanayofanana ndani ya ukurasa, ikahifadhi umbo moja na kulirudia kila mahali inapodhani limetokea tena. 6 na 8 zikifanana vya kutosha machoni pake, moja huchukua nafasi ya nyingine. Xerox ilitoa marekebisho ya programu zake baada ya jambo hilo kutangazwa. Kinachonitisha katika kisa hiki ni kwamba picha haikuharibika: namba isiyo sahihi ilitoka safi, kali na ya kuaminika, mahali ambapo picha iliyobanwa kwa njia ya kawaida ya JPEG ingekuwa na ukungu ambao ungemtahadharisha msomaji. Katika leja ya mikopo, 6 iliyogeuka kuwa 8 ni deni la mtu.

Kwa sababu hiyo sikubali programu yoyote itumie njia hiyo kwa namna inayobadilisha maumbo, na kila kundi la mafaili ninayoyabana hukaguliwa na watu wawili, mmoja akisoma kiasi cha mkopo, namba ya uanachama na tarehe kutoka kwenye faili jepesi, mwingine akifuatisha kwenye faili la awali. Ni kazi ya kuchosha. Naamini ni lazima ifanyike, na ofisi isiyo na muda wa kuifanya afadhali ilipie nafasi.

Programu tuliyoichagua ni Ghostscript, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe bila intaneti. Huendeshwa kwa kuandika amri, jambo linalowatisha wengi, lakini amri yenyewe ni mstari mmoja ambao ukishauhifadhi unaunakili tu na kubadilisha jina la faili. Ina viwango vilivyokwisha kupangwa: kile kiitwacho screen hushusha picha za rangi hadi nukta 72 kwa inchi, ebook hadi 150, na printer hadi 300. Kiwango cha screen kiliharibu maandishi ya mkono hadi yasisomeke, nasi hatukitumii kwa waraka wowote wa mwanachama. Kiwango cha ebook kinafaa kwa kurasa zilizochapwa kwa mashine, na kile cha printer ndicho tulichokitumia kwa fomu zenye madole, ambazo hata hivyo zilipungua vizuri kwa kuwa zilikuwa zimeskaniwa kwa nukta 600.

Zipo tovuti nyingi zinazobana PDF bila malipo, na najua zinavyorahisisha kazi, maana unaburuta faili, unasubiri, unalipakua. Kwa tangazo la mkutano au kitabu cha mazoezi sina pingamizi nazo. Lakini fomu ya mkopo ina namba ya kitambulisho cha taifa, mshahara, akaunti ya benki na majina ya wadhamini, na kuipandisha kwenye tovuti ya watu usiowajua ni kuikabidhi taarifa ya mwanachama kwa mtu ambaye yeye hakumridhia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na chama kinachokusanya taarifa hizo kinawajibika kuzilinda. Hata pasipo sheria hiyo, mwalimu aliyenipa hati yake ya mshahara alinipa kwa ajili ya mkopo wake.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi. Kuifunga PDF au picha ya JPEG ndani ya ZIP karibu hakupunguzi kitu, kwa sababu yaliyomo yamekwisha kubanwa. JPEG hupoteza kidogo kila inapobanwa upya, kwa hiyo anayetaka faili jepesi zaidi arudi kwenye faili la awali, asilibane lile lililokwisha kubanwa. Waraka wenye sahihi ya kidijitali usibanwe kabisa, maana badiliko lolote la ndani huifanya sahihi hiyo isomeke kuwa batili. Na PDF iliyohaririwa mara nyingi huweza kubeba ndani yake matoleo ya zamani, kwa kuwa programu nyingi huongeza mabadiliko mwishoni mwa faili badala ya kuliandika upya. Kulihifadhi upya kwa jina jingine mara nyingi hulipunguza bila kuigusa picha hata moja.

Wanachama walioko mbali, ambao hutuma fomu zao kwa WhatsApp, waliniletea tatizo la upande wa pili, yaani mafaili mepesi kupita kiasi. Picha inayotumwa kama picha ya kawaida hubanwa na WhatsApp yenyewe, na fomu iliyojazwa kwa peni ya wino mwepesi hufika ikiwa na ukungu. Siku hizi tunawaomba waiskani fomu kwa simu, kwa kutumia kitufe cha kuskani kilicho ndani ya programu ya Hifadhi ya Google, kisha waitume kama waraka, na dada mmoja mwalimu mkuu ameichukua kazi ya kuwaelekeza wenzake wa kata yake, kazi anayoifanya vizuri kuliko mimi.

Mafaili ya awali hatukuyafuta. Yamo kwenye diski mbili za nje, moja ndani ya kasiki ya ofisi na nyingine kwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi, na kilichoko mtandaoni ni nakala nyepesi ya kazi za kila siku. Leja za miaka ya mwanzo ya chama, zile zilizopigwa picha kwa simu, tuliziskani upya kwa rangi na nukta 300, nazo ndizo nyaraka pekee zilizoongezeka uzito katika zoezi zima. Zimeandikwa kwa penseli na kwa wino uliopauka, na baadhi ya kurasa zina hesabu za hisa za waasisi waliokwisha kufariki ambazo warithi wao bado huja kuziulizia. Bodi imekubali zikae mtandaoni kwa ukubwa wake kamili, kwenye nafasi iliyopatikana kwa kuondoa video na nakala za ziada, na suala la kulipia limesogezwa hadi bajeti ya mkutano mkuu ujao.